Sabinyo: Mlima wa Kupanda kwa Mikono

“Mama, glovu unazo?”

Ndivyo alivyoniuliza askari wa hifadhi ya Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda, pale langoni Ntebeko, kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Nilikuwa na maji lita mbili, chapati za mayai nne, koti la mvua, na maringo kidogo. Desemba nilikuwa nimepanda Muhabura, mita 4,127, nikarudi mzima. Sabinyo unapitwa na huo kwa zaidi ya mita mia nne. Nikajisemea, huyu ni mdogo mtu. Glovu za nini?

Askari alivitazama viganja vyangu, akaingia ofisini, akatoka na glovu za shambani zilizotoboka kwenye dole gumba. “Vaa hizi. Huu haupandwi kwa miguu.”

Mimi nauza vitenge Kampala. Njia ya Kisoro naijua kwa miaka kumi na miwili, na sikuijua kwa sababu ya milima. Wateja wangu wengi wanatoka Kongo. Unapanda basi la usiku, unapita Kabale ukiwa na usingizi, halafu barabara inaanza kujipinda kuelekea Kanaba. Ukivuka tu pale juu, volkano tatu zinasimama mbele yako. Muhabura uko kushoto, umechongoka vizuri kama pia. Gahinga uko katikati, mfupi, kama mtu aliyekatwa kichwa. Sabinyo uko kulia, umechakaa, juu umevunjika vipande vipande. Jina lake Wafumbira, wenyeji wa Kisoro, wanalifungamanisha na meno, na ukiutazama kutoka sokoni Kisoro huhitaji kutafsiriwa: ni ufizi wa babu aliyebakiwa na magego machache. Kati ya volkano zote nane za Virunga, safu iliyokaa Uganda, Rwanda na Kongo, huu ndio mkongwe, na mvua imekuwa ikiutafuna tangu enzi.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja wa Goma, kijana ninayemuuzia mzigo, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, kana kwamba tumenyonya ziwa moja. Alikuja kwa kuzunguka Rwanda na kuvukia mpaka wa Cyanika. Kiswahili chake ni cha Goma, changu cha sokoni Kampala, na askari alijifunza chake mafunzoni, kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama amri. Mpagazi wetu, mzaliwa wa vijiji vya pale chini, alisikia vyote vitatu na kucheka.

Tuliondoka saa moja na nusu. Mwanzo ni rahisi mno, na nadhani ndio unaowadanganya watu. Unavuka ukuta wa mawe uliojengwa kuzuia nyati wasishuke kula viazi vya watu, unapita maeneo yaliyokuwa mashamba kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1991, kisha mianzi. Katika mianzi kuna giza la kijani na maji yanadondoka hata kama mvua hainyeshi. Askari alisimama ghafla na bunduki yake akanyoosha kidole. Kima wa dhahabu, watano au sita, wanamenya machipukizi ya mianzi kama akina mama wanavyomenya miwa kituoni. Hawakutujali.

Mpagazi alisema kwa sauti ya chini kuwa msitu huu ulikuwa wa Batwa, wenyeji wa asili wa msituni. Hifadhi ilipoanzishwa walitolewa, na wengi hawakupewa hata kipande cha ardhi. Siku hizi baadhi yao huwatembeza wageni, wakiwaonyesha jinsi walivyokuwa wakiwasha moto na kuwinda, na kuwafikisha kwenye pango la Garama lililo chini ya ardhi. Alisema hivyo, akainua begi langu, akaendelea kutembea. Nami nikawaza kuwa mtu kulipwa ili aigize maisha aliyokatazwa kuyaishi ni biashara ambayo sijui ningeiandika upande gani wa daftari.

Baada ya mianzi, njia inashika mgongo wa mlima, na hapo ndipo Sabinyo anapoanza kusema. Kushoto kwako ni Rwanda, kulia ni Uganda, katikati ni tope na mizizi. Njia yenyewe ndiyo mpaka. Mahali pengine mgongo ni mwembamba hivi kwamba ukiteleza unachagua nchi ya kuangukia. Miti imevaa ndevu za kijivu zinazoning’inia. “Muzee iko na ndevu pia,” alisema mwenzangu, akavuta moja.

Jino la kwanza, yaani kilele cha kwanza kati ya vitatu, tulilifikia kabla ya saa tano. Palikuwa peupe, tukaona Gahinga na shimo lake la kinamasi, na Muhabura nyuma yake. Nilikula chapati moja nikajiona bingwa. Ndipo askari akanionyesha njia ya jino la pili: inashuka. Mita zote zile nilizozilipia kwa jasho, nazirudisha ili nikazinunue tena upande wa pili kwa bei ya juu. Nimefanya biashara za hasara nyingi, lakini hii niliifanya nikiiona kwa macho.

Na hapo zikaanza ngazi. Mtu akikuambia mlima una ngazi, unaweza kudhani amekurahisishia. Ngazi za Sabinyo ni miti iliyokatwa na kupigiliwa misumari, imelazwa kwenye mwamba au imesimamishwa wima, moja juu ya nyingine. Vipandio vingine vina tope la viatu vya waliotangulia, vingine vimelegea, na kimoja hakikuwepo kabisa. Maji yanatiririka kwenye miti, yanaingia kwenye mkono wa koti na kutokea kwapani. Gambuti zangu nilikuwa nimezikodi Kisoro, na zilikuwa kubwa kwa namba mbili. Kila nikiinua mguu, buti lilitaka kubaki. Kwa hiyo kazi ilihamia mikononi. Unashika, unavuta, unakumbatia mti kifuani kama mwizi wa nazi, unashika tena. Nilipofika jino la pili zile glovu zilikuwa na matundu matatu.

Pale jino la pili ukungu ulifunguka kwa dakika chache upande wa magharibi. Mwenzangu alisimama kimya akitazama Mikeno, mlima mweusi uliochongoka upande wa Kongo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, yeye na mama yake waliondoka Goma kwa miguu huku anga lote likiwa jekundu. “Ile volkano yangu iko nyuma kule,” alisema. “Hii yenu imezeeka, haiwezi kuuma tena.” Ukungu ukafunga, naye akafunga zipu ya koti.

Nilifikiria kuishia hapo, na sioni aibu kusema. Askari hakunisukuma. Alisema tu kuwa jino la tatu ni fupi kwa umbali na refu kwa mikono, na kwamba tukiamua kwenda tuamue sasa, kwa sababu mvua ya mchana haingojei mtu. Tulikwenda. Sehemu ile sina mengi ya kuieleza maana sikuona kitu zaidi ya kipandio kilichokuwa mbele ya pua yangu. Saa saba kasoro nikashika nyasi badala ya mti, na hapakuwa na pa kupanda tena.

Zaidi ya mita 3,600, na nchi tatu zinakutana mahali ambapo unaweza kutandika mkeka mmoja. Kwa mtu kama mimi, ambaye nimepoteza siku nzima nikisubiri muhuri, hilo linachekesha. Gorila wa familia ya Nyakagezi walijulikana zamani kwa kuhamahama kati ya nchi hizi wakifuata chakula, bila pasipoti wala ushuru. Mwenzangu alitembea hatua sita akasema yuko nyumbani. Kisha akarudi, kwa sababu chapati zilikuwa Uganda.

Hatukukaa hata nusu saa. Ngurumo ilisikika upande wa Rwanda.

Kushuka sikuwa nimekuhesabu, na ndiko kulikonivunja. Ngazi ya kupanda unaiona. Kwenye ya kushuka unalipa shimo mgongo na kuamini mguu usioona. Mara ya kwanza nilijaribu kushuka nimetazama mbele kama mtu anayetoka ghorofani, na askari akapaza sauti: “Geuka! Tazama ngazi! Mkono usiachie kabla mguu haujapata!” Nikageuka. Kuanzia hapo alikuwa chini yangu akinitajia: kushoto, chini kidogo, hapo, simama. Mvua ilitukuta kati ya jino la pili na la kwanza, na tope likawa sabuni. Nilianguka mara nne, zote upande wa Uganda.

Wanaouliza waanzie wapi nawaambia hivi. Kama hujawahi kupanda kitu, anza na Gahinga. Ni mita 3,474 na mianzi inakufichia uchovu. Muhabura ni mapafu: unapanda moja kwa moja hadi ziwa dogo lililo kileleni, na hewa inakuwa nyepesi kweli. Sabinyo, ambao kwenye karatasi uko katikati ya hao wawili, uwekee siku yako nzuri, gambuti za namba yako mwenyewe, na glovu mbili.

Tulifika langoni saa kumi na moja jioni. Jumla kama kilomita kumi na nne, ambazo barabarani ningezitembea bila kuzitaja.

Usiku ule Kisoro mama wa hoteli alituletea maharage na viazi vya palepale, moto, vimepasuka maganda. Miguu haikuniuma hata kidogo. Nilinyoosha mkono kuchukua kiazi, vidole vikakataa kukunja, kiazi kikarudi sahanini. Nikajaribu tena. Mwenzangu alikuwa ananitazama, mikono yake mwenyewe imelala mezani kama samaki wawili.

“Mama,” akamwita mwenye hoteli, “tuletee vijiko.”