Levodopa haimezwi pamoja na omena

Mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili, akimeza kidonge chake cha levodopa saa moja asubuhi, na saa tatu bado miguu imeganda mlangoni, watu wa Kisumu humlaumu kwanza mwenye kemisti: ameuza dawa feki. Mara nyingi dawa ni nzima kabisa. Tazama alichokula nayo.

Mwaka 1957 huko Lund, Uswidi, Arvid Carlsson na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa iliyokuwa ikishusha presha. Sungura wakalala, masikio yamelegea, hawasogei. Walipodungwa dopa, ambayo kwenye vidonge huitwa levodopa, muda si mrefu wakainuka. Dopamini yenyewe, kemikali ambayo ubongo huitumia kuendesha mwendo, isingefaa, kwani haipenyi ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Dopa hupenya, kisha ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 1960 Ehringer na Hornykiewicz, Vienna, wakapima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, wakakuta dopamini imepungua mno. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na dawa iliyotokana na kazi hiyo bado ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa ugonjwa huu. Haizuii seli zinazotengeneza dopamini kufa. Inajaza pengo tu.

Sasa omena, dagaa wa ziwani. Levodopa ni amino asidi, na milango inayoipitisha, kwenye utumbo na tena kwenye ubongo, ndiyo hiyo hiyo inayopitisha amino asidi za samaki, nyama, mayai, maziwa, maharagwe na ndengu. Sahani ya nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ikitangulia, kidonge hubaki nje kikingoja, na hakina muda wa kungoja: nusu ya levodopa huondoka kwenye damu kwa saa moja hadi moja na nusu hivi.

Kwa hiyo kidonge kimezwe na maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Kikimchafua tumbo, hasa wiki za mwanzo, mpe kipande cha kiazi kitamu au mkate mkavu na chai ya rangi. Ugali na mboga mchana havina shida kubwa. Samaki wa ufuo wa Dunga asogezwe jioni. Asogezwe, asiondolewe. Mzee anayenyimwa protini hukonda haraka, na kukonda ni balaa nyingine. Vidonge vya kuongeza damu navyo vitenganishwe na levodopa kwa saa mbili, maana madini ya chuma huishika.

Kichefuchefu kina sababu nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Kwenye pakiti, namba kubwa ni levodopa na namba ndogo ni karbidopa, inayozuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika kwenye ubongo. Mwili huhitaji karibu miligramu 70 hadi 100 za karbidopa kwa siku. Nusu kidonge cha 25/250 mara tatu ni karbidopa 37.5 tu, na levodopa 375. Kidonge kizima cha 25/100 mara tatu kinatoa karbidopa 75 na levodopa 300. Levodopa haijapishana sana, lakini tumbo litahisi tofauti. Muulize daktari kuhusu hilo kabla hujaanza kukata vidonge nyumbani.

Akitapika, asipewe metoklopramidi, ile Plasil ya kila dispensari. Inaziba pale pale dopamini inapofanyia kazi ndani ya ubongo, na mzee ataganda zaidi. Domperidoni haiingii kwa urahisi kwenye ubongo, ndiyo maana madaktari huichagua, japo mwenye ugonjwa wa moyo lazima aseme kwanza. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ni hatari vile vile.

Mbegu za upupu kweli zina levodopa. Lakini hazina karbidopa, na kipimo hubadilika toka mbegu hadi mbegu. Kuzichanganya na vidonge kimya kimya ndiko kunakofanya viungo vya mgonjwa vijinyonganyonge bila yeye kutaka, na daktari asijue kwa nini.

Dozi zisikatwe ghafla hata zikionekana hazisaidii: mwili unaweza kukakamaa kwa homa kali, hali inayoua. Kabla ya kliniki, andika siku tatu mfululizo saa aliyomeza, saa mwili ulipofunguka, saa alipoganda tena, na alichokula. Mkitoka mbali, Ahero au Siaya, bebeni dozi ya saa sita na chupa ya maji, ameze hapo hapo kwenye foleni.