Kabla hujalifunga daftari la kaunta

Duka la vifaa vya ujenzi likiacha daftari na kuingia kwenye kompyuta, mambo yakikwama lawama huwaangukia wauzaji: wazee wa zamani, wagumu, hawataki kubadilika. Ukikaa kaunta siku mbili ukaangalia kazi inavyokwenda, utaona tatizo liko kwingine. Daftari lilikuwa linafanya kazi tano au sita, na programu imenunuliwa kwa ajili ya moja tu.

Kwa hiyo lisome kwanza. Mauzo utayakuta, ndiyo, lakini tazama pembeni. Kuna "bado mif. 12" kwa kalamu nyekundu: mteja kalipia mifuko 30 ya saruji, kachukua 18, iliyobaki ataifuata siku ya kumwaga zege. Kuna jina la fundi limezungushiwa duara, kwa kuwa ndiye aliyemleta mteja na ana chake Jumamosi. Kuna chenji ya mtu, kuna bati tatu zilizorudishwa. Programu nyingi za bei nafuu hazina pa kuyaweka haya. Muuzaji akikosa pa kuandika ataandika kwenye kipande cha boksi, kipande kitapotea, na mteja atakuja kudai mifuko ambayo kompyuta inasema aliondoka nayo. Ugomvi mmoja wa namna hiyo mbele ya kaunta unatosha kuwafanya wote waione kompyuta kuwa adui.

Kaa na muuzaji wa siku nyingi, mpitie kurasa za mwezi mzima, kila alama aieleze. Kisha amueni kila moja inahamia wapi. Mzigo uliolipiwa lakini haujachukuliwa unaweza kabisa kubaki kwenye daftari dogo la peke yake. Si kushindwa, ni kujua programu yako inaishia wapi.

Vipimo ndivyo vinavyotesa zaidi. Nondo hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Kipande cha mita 12 cha milimita 10 kina uzito wa kama kilo 7.4, hivyo tani moja ni vipande kama 135; cha milimita 12 ni kilo 10.7 hivi, vipande 93 au 94. Cha milimita 16 ni karibu kilo 19, vipande 52 au 53. Uzito hupishana kidogo kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo usiachie programu igawanye tani yenyewe. Hesabu vipande vinaposhushwa, ingiza vipande. Rola ya waya wa umeme nayo huwa mita 100, nyingine mita 90. Ukiisajili kwa 100 ilhali ni ya 90, kila rola itaonyesha mita 10 zimepotea, na atakayetiliwa shaka ni yule anayekata waya. Misumari ikipimwa kilo kilo, katoni ya kilo 25 haitatoa mauzo 25 kamili, maana mizani huachwa ielemee upande wa mteja kila mara. Kubalianeni mapema upungufu gani ni wa kawaida, muuandike.

Majina ya bidhaa yaandikwe yanavyotamkwa kaunta. Fundi anaomba "elbo ya nusu", yaani kona ya bomba ya nusu inchi, na "misumari ya nchi nne", yaani ya inchi nne. Ukibandika majina marefu ya kwenye ankara ya kiwanda, muuzaji atatafuta dakika nzima huku foleni inamkodolea macho, mwishowe atachagua kitu chochote kinachofanana.

Kuhesabu stoo kufanyike siku duka limefungwa, Jumapili kwa wengi. Watu wawili wawili: mmoja anahesabu kwa sauti, mwenzake anaandika, na rundo lililokwisha linapigwa alama ya chaki. Wasionyeshwe idadi iliyopo kwenye daftari, maana mtu akijua panatakiwa 40 ataziona 40. Vitu vya bei kubwa vihesabiwe mara ya pili na jozi nyingine. Lori likifika siku hiyo, mzigo wake ukae pembeni, uingizwe kesho yake kama mapokezi mapya.

Anza Jumanne au Jumatano, kamwe si mwisho wa mwezi. Mafundi hujaa kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, basi mazoezi yawe mchana duka likipoa. Kila muuzaji afanye mauzo 20 ya majaribio, yakiwamo ya kurudisha bidhaa, ya mkopo, na ya kulipa nusu taslimu nusu kwa simu. Kisha endesheni daftari na kompyuta sambamba kwa wiki mbili. Kazi inakuwa mara mbili, na ni haki kulitambua hilo kwenye malipo ya wiki hizo.

Wiki ya kwanza utaona namba za hasi. Zinatisha lakini zinasomeka. Bidhaa moja ikiwa hasi 6 na jirani yake ina ziada ya 6, muuzaji kagusa mstari usio wake; pengine nondo za milimita 10 zimeuzwa kwa jina la milimita 12. Hasi isiyo na mwenzake kwa kawaida ni mzigo uliouzwa kabla haujapokelewa kwenye programu. Dawa yake ni kanuni moja: mzigo haupangwi stoo kabla haujaingizwa.

Nywila iwe ya kila mtu na yake. Ikishirikishwa, kosa la mmoja linakuwa la wote. Umeme ukikatika, kuwe na karatasi zenye namba mfululizo, na aliyeuza aingize mwenyewe siku hiyo hiyo. Jioni linganisheni mauzo ya programu, ripoti ya Z (jumla ya mauzo ya siku) ya mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na jumla ya fedha: taslimu, simu, benki na mikopo ya siku. Mkiacha tofauti ilale siku tatu, hakuna atakayekumbuka imetoka wapi.

Na tafadhali, upungufu wa mwezi wa kwanza usikatwe kwenye mshahara wa mtu. Sehemu kubwa yake huwa makosa ya hesabu ya kuanzia na ya vipimo. Tanzania Bara, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe maandishi ya sababu na kiasi, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mwenye duka anayeanza kwa kukata watu atafichwa kila kosa kuanzia siku hiyo.

Wiki mbili zikiisha na namba zikishikana, pigeni mstari chini ya ukurasa wa mwisho wa daftari, andikeni tarehe, wote mtie saini. Litunzwe kabatini, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inadai kumbukumbu zikae miaka 5, na ile mifuko 12 bado ina mwenyewe.