Wilma Mankiller na maji ya Bell

Kwetu Mvumi, Dodoma, kiangazi maji tulikua tunachota mtoni, ila mto wenyewe mkavu, yaani mnachimba shimo kwenye mchanga kwa bakuli alafu mnakaa pembeni kusubiri maji yajikusanye, unakomba na kata, unasubiri tena, mpaka ndoo ijae jua lishawaka. Bibi alikua anatuamsha alfajiri tuwahi kabla ng'ombe hawajafika wakavuruga. Ndo maana habari za Wilma Mankiller zimenikaa moyoni.

Alikua Mcherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kazaliwa 1945 Oklahoma, mtoto wa sita kati ya kumi na mmoja, na nyumbani kwao pia hakukua na umeme wala bomba. Mwaka 1956 familia ikahamia San Francisco kwenye mpango wa serikali wa kuwatoa wenyeji vijijini kuwapeleka mijini. Hapo nlimkumbuka bibi tena, maana na yeye alihamishwa kwenye tembe lake enzi za Operesheni Dodoma miaka ya 70, serikali ilipokua inawahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na mpaka anazeeka alikua anasema "kule kwetu" akimaanisha pale palipobaki makaburi ya wazee wake.

Wilma akarudi Oklahoma miaka hiyohiyo ya 70. Mwaka 1979 akapata ajali mbaya ya gari, na aliyekua anaendesha gari la pili alikua rafiki yake, huyo akafariki. Operesheni juu ya operesheni, kabla hajakaa sawa ukamjia ugonjwa wa kudhoofisha misuli. Mtu wa hivyo ndo akaenda kijiji cha Bell, hukohuko Oklahoma.

Bell walikua Wacherokee maskini, nyumba nyingi hazina maji. Wilma na Charlie Soap, ambae baadae alikuja kumuoa, wakaitisha mikutano, wakatafuta hela za vifaa, ila kuchimba wakachimba wanakijiji wenyewe bila malipo, kila familia na kipande chake, kilometa kama 26 za bomba! Wao wana neno lao, gadugi, ni kushirikiana kufanya kazi kama sisi tunavyoitana kulima shamba la mtu mmoja leo kesho la mwingine.

Uchifu wa Wacherokee ulikuja baada ya hapo. 1983 aligombea unaibu chifu, wakamtishia kumuua, wakamkata matairi ya gari, na hoja yenyewe ni kwamba ni mwanamke, wakati zamani Wacherokee ukoo wanaufuata kwa mama na wanawake walikua na sauti kubwa tu. Akashinda. 1985 chifu mkuu akaondoka kwenda kufanya kazi serikalini, Wilma akakalia kiti, 1987 akachaguliwa kwa kura, na 1991 akapata asilimia karibu 83, tena mwaka mmoja baada ya kupandikizwa figo ya kaka yake. Aliachia 1995, akafariki 2010.

Juzi nilimsimulia mama hii ya Bell, yupo jikoni anachambua mlenda, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kwetu bomba lililetwa na watu wa mradi tukiangalia, likafukiwa juujuu, mwaka wa pili likapasuka na hakurudi mtu. Mama akaweka ungo chini, akauliza, "Hao waliochimba wenyewe, likipasuka wanajua pa kuanzia eeh?"