Old Moshi wanajitegemea, lakini si peke yao

Hapa Leipzig, Ujerumani, kuna watu wanaoota kufuga kuku. Nafanya nao kazi. Wana mishahara mizuri na nyumba zenye joto, lakini wakikaa kwenye chakula cha mchana mazungumzo ni kuhamia kijijini, kulima mboga, kufuga, wasinunue kitu dukani. Wakisikia natoka Kilimanjaro huniuliza kama kwetu ndivyo tunavyoishi. Zamani nilijibu "ndiyo" nikaendelea kula. Siku hizi nawaeleza habari za kaka yangu na wifi, maana jibu la kweli ni refu.

Kaka aliacha kazi ya kutoa mizigo bandarini Dar, akarudi na mkewe na watoto watatu kwenye kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, Old Moshi, juu kidogo ya Kidia. Yeye ni kitinda mimba, na kwa Wachaga nyumba ya baba ni ya wa mwisho. Ukoo ulinong'ona kwamba kafukuzwa kazi. Mtu mwenye akili zake, walisema, anarudi mgombani Disemba, anakula nyama, Januari anapanda basi.

Kihamba chenyewe hakifiki ekari mbili, lakini kimepangwa ghorofa kwa ghorofa. Juu kuna miringaringa na mifuruanje ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, halafu magimbi na maharage, na viazi vikuu vinavyoparamia miti. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, waliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, kwa mfano wa vihamba vya Shimbwe Juu, upande wa Uru. Babu angecheka sana. Yeye alikuwa anapanda tu.

Ndizi, maziwa, mayai, mboga na magimbi hawanunui. Wananunua chumvi, sukari, mafuta, sabuni, mchele wa Jumapili na bando. Gesi ya kupikia wanajitengenezea, na hapo ndipo kaka akianza kuongea hanyamazi. Ana mtambo wa kuba uliochimbiwa ardhini, wa aina ambayo CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, wameieneza tangu miaka ya 1980. Kilo moja ya samadi mbichi hutoa lita 40 hivi za gesi. Ng'ombe wake wawili wa ndani wakishiba vizuri anapata kilo 30 kwa siku, anazikoroga na maji kiasi hichohicho, jiko linawaka kwa muda wa saa tatu hivi. Chai, mtori na ugali vinapita. Makande bado ni ya kuni, asikudanganye mtu. Kiangazi maji yakipungua anakorogea mkojo wa ng'ombe. Tope linalobaki linarudi kwenye migomba, mgomba ukikatwa gogo lake analila ng'ombe, na mzunguko unaanza upya.

Wenzangu wa kazini wakifika hapo macho yanawang'aa. Ndipo nawauliza: majani anakata nani?

Ng'ombe wa ndani hatoki, kwa hiyo chakula lazima kimfuate. Kihamba hakitoshi kumlisha. Januari na Februari jua linapokaza, majani yanatafutwa tambarare, na kwa miaka mingi wanawake wa mlimani wameyapandisha kichwani. Siku hizi pikipiki na pikapu hubeba mabua, ila zinataka hela, na hela ikikosekana ni wifi anayeteremka na panga. Ndiye anayekama alfajiri, ndiye anayekoroga samadi, kwa sababu kaka, pamoja na hotuba zake zote, ana mgongo. Nilipomuuliza kama hawezi kupumzika angalau sikukuu, alinijibu: "Wifi, hawa ng'ombe hawajui Krismasi."

Hata maji si yao peke yao. Yanakuja kwa mfongo, mfereji wetu wa asili, unaopita kwenye vihamba vya watu wengi, kwa zamu. Siku ya kuusafisha kila nyumba inatoa mtu, na asiyetoka analipa faini. Ukigombana na jirani wa juu, mboga zako zitajua. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kujitosheleza ili asimhitaji yeyote, najua hajawahi kumwagilia.

Mimi mwenyewe nina kipande hapa. Bustani hizi za chama, Kleingarten, zina historia ndefu Leipzig. Chama cha kwanza kilichobeba jina la daktari Schreber kilianzishwa hapa mwaka 1864. Sheria inasema bustani isizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24, na usihamie humo. Theluthi moja lazima iwe ya mboga na matunda. Chama changu nacho kinatudai saa za kazi ya pamoja, na asiyetokea analipa. Nilipoisoma kanuni hiyo nilijiona niko mfongoni. (Wamisionari wa Kilutheri waliokuja kwetu walitoka mji huuhuu, na mmoja wao, Bruno Gutmann, alikaa Old Moshi hadi 1938. Bibi yangu alilijua jina la Leipzig kabla ya Dodoma.)

Sasa fedha. Watoto wanasoma shule ya serikali, ada hakuna, lakini kuna sare, michango ya chakula na madaftari, na homa haisubiri mavuno. Kahawa inaleta kidogo mara moja kwa mwaka. Kaka ameng'oa nusu ya mibuni ya zamani akapanda aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Maziwa na ndizi zinazoteremka soko la Kiboriloni ndizo hela ya wiki. Bima ya afya nalipa mimi. Nikiwaambia hilo wenzangu wanaona nimewaharibia hadithi.

Kinachonikera ni kingine. Kwa mila, kihamba hakimwendei binti wala mke. Mimi hilo nimeshalizoea, nina mita zangu za Wajerumani. Lakini wifi anaubeba mlima ule kichwani kila kiangazi, na kaka akitangulia atabaki mgeni kwa wanawe mwenyewe, au kwa shemeji zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa, na hati ya kimila ya kijiji inaweza kuandikwa majina ya mume na mke. Kaka amekubali, ila anaogopa wazee. Anataka niliseme mimi kwanza kwenye kikao cha ukoo Disemba, kwa kuwa nikitukanwa nitapanda ndege.

Nimemwambia tutalisema wote wawili. Wifi ameshanunua ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, wazee wasije wakasema waliitwa kikaoni na koo kavu.