Haragwe moja kwa kila kichwa

Kikombe ninachohesabia abiria wa boti ni cha plastiki, cha buluu, mkono wake ulivunjika zamani. Kwa ndani nimechora mstari kwa rangi ya kucha ya mdogo wangu. Maharagwe 70 yakiingia yanagusa mstari. La 71 likiingia, mtu mmoja anashuka, hata kama ameshalipa, hata kama ni shemeji ya kapiteni.

Kazi yangu ni kuandika manifesti, yaani karatasi ya majina ya abiria, kwenye boti moja ya mbao inayokwenda Minova na kurudi Goma, juu ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Bandarini wananiita Mama Manifesti. Watoto wa wapakizi wanadhani ndilo jina nililobatiziwa.

Jinsi tulivyokuwa tukiiandika, manifesti ilikuwa karatasi ya pesa. Aliyelipa aliandikwa. Mtoto wa mgongoni halipi, basi haandikwi. Mpakizi anayesafiri na magunia yake halipi. Mama wa ndizi aliyeelewana na kapiteni tangu jana, mpwa wa fundi wa injini, mwanafunzi aliyelia mpaka akahurumiwa: hao wote hawamo. Halafu karatasi inapigwa muhuri mapema, na kati ya muhuri na kufunguliwa kwa kamba ndipo boti inapojaa hasa. Kuna siku niliandika majina 64, nikasaini, nikainua macho, nikaona vichwa vimebanana kama sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye beseni. Nilijua ninachokifanya. Nilikuwa nalipwa kwa safari, na mwandishi anayechelewesha safari haitwi kesho.

Mambo yaliharibika zaidi Februari 2024, mapigano yalipoikata barabara ya Sake kwenda Minova. Kabla ya hapo malori yalitupunguzia: maharagwe, mihogo, ndizi, mbuzi, watu. Baada ya hapo kila kitu kikateremka ziwani. Goma inakula kila siku, na chakula chake kilikuwa ng'ambo ya maji.

Kilichonizindua kilitokea Julai mwaka huohuo. Kiangazi upepo wa kusini unapita juu ya Kivu bila kizuizi, mawimbi yanakuwa mafupi na yenye hasira. Tulivuka salama. Watu walisali njia nzima, na tulipoingia kwenye maji tulivu ya bandari wakaanza kupiga makofi. Kisha wakasimama, wote kwa mara moja, kila mmoja akivuta mzigo wake, wote wakielekea upande wa nchi kavu.

Boti haikupinduka. Iliinama tu. Niliona maji yakipita juu ya ubao wa pembeni polepole, bila kelele, kama mtu anayemimina chai, yakaingia kwenye viatu vyangu. Kapiteni alipiga kelele, wengine wakarudi nyuma, boti ikajirudisha kwa kishindo upande wa pili, na kishindo hicho kikamrusha mtoto wa kiume wa kama miaka sita majini. Mvuvi aliyekuwa karibu na mtumbwi wake alimkamata shati. Akamnyanyua juu, akauliza:

— Huyu ni wa nani?

Hakuna aliyejibu. Watu walinigeukia mimi, maana ndiye niliyeshika karatasi. Nikaisoma karatasi ile kutoka juu mpaka chini kana kwamba jina lake lingeota hapo. Mama yake alikuwa chini, amebanwa kati ya magunia, hasikii kitu. Alipopanda juu ilikuwa imepita labda robo saa. Kwa robo saa hiyo mtoto alikuwa amekaa kwenye mtumbwi wa mvuvi, anatetemeka, na kwa serikali na kwa boti yetu hakuwahi kupanda.

Nilianza na maharagwe wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejaribu kalamu na vijiti kwenye daftari, nikashindwa: ukiinamisha kichwa kuchora kijiti kimoja, watu watatu wameshapita. Haragwe unaliangusha bila kutazama. Mkono mmoja mfukoni, mwingine kwenye kikombe, macho usoni mwa watu. Nilichagua aina mbili, mekundu makubwa kwa watu wazima na meupe kwa watoto, ili nikichungulia nijue ni jile ngapi ndogo za kutafuta. Jile ndiyo yale majaketi ya kuelea.

Kapiteni alicheka. Akasema mtoto anyonyaye ahesabiwe nusu haragwe.

— Papa Kapiteni, nikamwambia, akizama atazama nusu?

Hakucheka tena, lakini hakukubali siku hiyo pia.

Ugumu haukuwa kuhesabu. Ugumu ulikuwa mlango. Boti ya mbao haina mlango. Watu wanapanda kwa ubao, wanapanda kwa tairi, vijana wanakuja na vimtumbwi upande wa nje na kuruka ndani gizani. Ukihesabu kwenye ubao tu unajidanganya. Ikabidi nimtafute mpakizi mmoja, kijana mwenye sauti, akae upande wa maji tangu mtu wa kwanza mpaka tunang'oa. Malipo yake yalikuwa sahani ya sambaza na ugali kila safari, kutoka mfukoni mwangu. Aliyerukia upande wake aliletwa kwangu kuchukua haragwe lake au kuteremka.

Halafu patroni, mwenye boti. Alikuja mwenyewe, amevaa koti.

— Mama, unanifilisi kwa maharagwe.

Sikumwambia habari za roho za watu. Hizo alishazisikia kanisani. Nilimwonyesha daftari la mafuta. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeandika madumu tuliyotumia kila safari na saa ya kufika. Siku za kujaza kupita kiasi tulichelewa, injini ilikunywa sana, mara mbili ilichemka katikati ya ziwa, na tulikosa zamu ya kupakia kurudi. Alitazama muda mrefu. Akasema 85. Karatasi ya boti inasema 70. Nikakubali 85, na kukubali kule bado kunaniuma, lakini nilipata sharti moja: magunia yote yaende chini tumboni, hakuna gunia juu ya dari. Mzigo ukiwa juu na watu wamesimama, boti inakuwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani akapigwa kikumbo.

Tarehe 3 Oktoba 2024 nilikuwa Goma. MV Merdi, ikitoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku ya Goma, nchi kavu ikionekana. Jean-Jacques Purusi, gavana wa Kivu Kusini, alisema ndani walikuwemo watu 278 kwenye boti ya watu 80, na angalau 78 wamekufa. Siku zilizofuata hesabu zilitofautiana kutoka kinywa hadi kinywa. Mimi nakumbuka watu ufukweni. Waliona nimeshika karatasi, hawakujua ni ya boti nyingine, wakanizunguka: Mama, soma, angalia jina la dada yangu. Nilijaribu kueleza. Mwanamke mmoja alinichukua karatasi mkononi, akaisoma yote kwa kidole, akairudisha bila kusema neno.

Patroni alinipigia simu usiku ule ule. Alisema neno moja: sabini.

Ningependa kusema kila mtu alibadilika. Jile kwa mfano. Mwaka 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe mwezi wa Aprili, Rais Tshisekedi alikuja na kuagiza zivaliwe na kila abiria. Zilinunuliwa. Kwetu zilikaa ndani ya sanduku lenye kufuli zisiibiwe, na ufunguo ulikuwa Goma. Sasa zinagawiwa kwenye ubao, haragwe kwa jile. Lakini watu wanazitupia mabegani kama shali. Nawafunga mwenyewe, maana jile isiyofungwa ukianguka inapanda juu, inakuvuka kichwa, inakwenda zake bila wewe.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyenifundisha, nililiona kwa kumtazama kijana akichezea jile kwenye maji ya kiuno. Ilimlaza chali, uso juu. Nikafikiria kina mama wetu, mtoto mgongoni ndani ya kitenge, jile imefungwa juu yake. Mama akilala chali, mtoto yuko chini ya maji. Tangu siku hiyo, kwenye ubao, kabla ya haragwe naomba mtoto aletwe mbele. Wengine wananuna, kitenge kimeshafungwa vizuri, mtoto amelala. Nawasubiri. Foleni inapiga kelele, nasubiri.

Watu kusimama wakati boti inafunga kamba bandarini ndiko kulinishinda kwa muda mrefu zaidi. Watanzania wanakumbuka MV Nyerere, Septemba 2018, pale kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria: kivuko cha watu 101, kilikuwa kinakaribia kufika, na waliokufa ni 228. Niliwasimulia abiria habari hiyo kwa sauti, wakasikitika, wakasimama vilevile. Nilipiga kelele «Mukae chini!» mpaka koo likakauka. Ndipo nikaacha kuwatazama abiria nikatazama bandari. Waliokuwa wakiwasimamisha ni wabeba mizigo wa nje. Boti haijagusa, wao wameshadandia, kila mmoja anakamata gunia ili apate kazi, na mwenye gunia anainuka kulilinda. Mtu gani atakaa chini akiona mali yake inaondoka na asiyemjua?

Nikaenda kwa wabeba mizigo. Tulikubaliana, kwa soda nyingi, kwamba hakuna anayekanyaga boti yetu kabla ya kamba ya pili kufungwa, na kila gunia linaandikwa namba kwa chaki huku Minova, namba ileile kwenye kiganja cha mwenyewe. Mtu anayejua gunia lake halitapotea anakaa. Si wote. Wengi wanatosha boti isiiname.

Tukifika natoa maharagwe, moja kwa kila anayevuka ubao, mpaka kikombe kiwe kitupu. Desemba usiku mmoja kilibaki na haragwe moja, jekundu. Kapiteni alisema nimekosea. Abiria walikuwa wameshatawanyika, fundi amezima injini, kijana wangu wa sambaza anadai sahani yake. Nilichukua tochi nikashuka tumboni. Nyuma ya ndizi, kati ya mikungu miwili, mzee alikuwa amelala, jile imefungwa vizuri kifuani, kofia usoni. Nilimgusa goti.

— Mama, tumefika? akauliza.

Nikamwambia tumefika, tangu saa nzima iliyopita, nikamshika mkono, nikatoa haragwe lake.