Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa penseli

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini ni namba tasa kama wenzake waliotangulia: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akamuumbua kwa kuipatia vigawo. Jibu nilikuwa nalijua. Nilichotaka ni kulifikia kwa mkono, na mvua za hapa Tukuyu zikinyesha kutwa, wateja wa daftari huwa hawaonekani dukani.

Ukienda kichwakichwa, utagawanya kwa kila namba tasa mpaka ufike kwenye kipeuo cha pili, karibu 65,536. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542. Hata mvua ya Rungwe ingekatika kabla sijamaliza.

Kilichoniokoa ni chujio la Euler: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Na la kuchekesha, hoja yake imesimama juu ya kanuni ya Fermat huyohuyo. Basi nikaandika 65, 129, 193 na kuendelea hadi 641, nikafuta zisizo tasa. Zikabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zote ziliacha baki.

Kwa 641 nilimwita binti wa kaka yangu, yuko kidato cha nne, awe ananitajia tarakimu za kushusha. 4,294 kwa 641 ni 6, baki 448. Shusha 9, inakuwa 4,489: 7, baki 2. Zikafuata sifuri mbili, maana 26 na 267 hazifikii 641. Halafu 2,672 ikatoa 4, baki 108. 1,089 ikatoa 1, baki 448.

"Shangazi, hii 448 si tumeshaipata?"

Tumeshaipata kweli, ila sasa ya kushusha ilikuwa 7, si 9. Ikawa 4,487, na 641 mara 7 ni 4,487 kamili. Binti alipiga meza mpaka penseli ikadondoka.

Jibu: 6,700,417. Wengi huishia hapo. Mimi nikataka kujua kama nayo ni tasa. Nilitumia chujio kali zaidi, la Édouard Lucas wa karne ya 19, linalogawanya kwa 128 badala ya 64. Kigawo chochote cha 6,700,417 ni kigawo cha ile kubwa pia, kwa hiyo sharti linakibana vilevile. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na namba tasa zinazopenya chujio mpaka hapo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Nilizigawanya zote. Mabaki kwa mpangilio huo ni 170, 44, 120, 334 na 622. Sifuri haimo, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na ile kubwa haina vigawo tasa vingine zaidi ya hiyo na 641.