Nilivyotenganisha bahati na uchezaji kipindi poka inanila

Mi nacheza poka, ile ya Texas Hold'em (kila mtu ana karata zake mbili, tano zinafunguliwa mezani kwa wote, na mwenye mpangilio bora wa karata tano ndo anabeba), Ijumaa usiku na washkaji hapa Dar, hela za kawaida tu, na kuna kipindi nililiwa mfululizo mpaka kila mtu pale mezani akawa na maelezo yake. Mmoja akaniambia "kaka, nyota yako imefifia, pumzika kwanza." Mwingine akasema hamna cha nyota wala nini, wenzako wameshakusoma. Wakabishana weee, na mi nikaona hakuna mwenye ushahidi hata mmoja, wote tunaangalia hela iliyobaki afu tunaitafutia sababu. Nikaamua hela niiweke pembeni, niangalie maamuzi.

Nikachukua daftari. Kila poti kubwa (poti ni hela yote iliyowekwa mezani) ikiisha naandika karata zangu, zilizokuwa wazi mezani, nani kaweka kiasi gani na muda gani, na za mwenzangu kama kazifunua. Nani kashinda naandika nyuma ya ukurasa. Jumamosi nikishalala vizuri nasoma upande wa mbele peke yake, najiuliza, hapa ningeweka hela tena? Nikishaandika jibu ndo nageuza karatasi, na hii sehemu ya kugeuza ndo kila kitu, maana ukishajua uliliwa huwezi tena kuuangalia mkono ule, yaani ule mzunguko mmoja wa karata, kwa haki.

Nitoe mmoja. Nina esi mbili, shupaza na uru. Mezani zikaja karata tatu, kingi ya kopa, saba ya kopa, na mbili ya pau. Mwenzangu anasukuma chipu zake zote, nami naingia na zangu zote, anafunua kwini na jeki, zote kopa. Kwa hiyo anasubiri kopa ya tano, maana karata tano za aina moja zinazipiga esi zangu mbili, na bado zinakuja karata mbili. Hapo atanipiga zaidi kidogo ya mara moja kati ya tatu. Kopa ikaja riva, yaani karata ya mwisho, meza nzima ikashangilia, hela ikaenda. Jumamosi nikasoma upande wa mbele nikajibu ndio, naweka tena, na kesho naweka tena na keshokutwa. Hata esi mbili dhidi ya kingi mbili kabla karata yoyote haijafunguliwa, esi zinashinda kama mara 82 kati ya 100, maana yake zile 18 zipo na lazima zimwangukie mtu, na hakuna kanuni inayosema zisikuangukie wewe usiku mmoja zikifuatana.

Rundo hilo la mikono niliyocheza sawa ila bahati ikaninyima lilikuwa kubwa, sikatai. Ila kulikuwa na rundo jingine ambalo ndo lilinifaidisha. Poti ina 10,000, mtu anaweka 5,000, nami nina karata nne za kopa na imebaki karata moja tu ije. Nikilipa 5,000 nagombea poti ya 20,000, kwa hiyo ili nisile hasara natakiwa kushinda angalau mara 25 kati ya 100. Sasa hesabu kopa zilizobaki, ni 9, katika karata 46 ambazo sijaziona. Haifiki hata 20. Kama hakuna matumaini ya kumtoa hela nyingine nzuri kopa ikija, hapo kulipa ni kuigawa hela, na mikono ya aina hii kwenye daftari ilikuwa mingi kuliko nilivyodhani, afu karibu yote iliandikwa usiku mkubwa, baada ya kuliwa poti nyingine muda mfupi kabla. Yaani bahati mbaya inakula mara ya kwanza, afu hasira inakula mara ya pili, na hii ya pili ndo ilikuwa mikononi mwangu kabisa.

Kingine kilichonituliza ni idadi. Sisi tukigawa karata kwa mkono tunacheza kama mikono 25 hadi 30 kwa saa, masaa matano ni mikono 150 ukijitahidi. Kufika mikono 10,000 ni Ijumaa za zaidi ya mwaka, na hata hiyo 10,000 ni michache, mchezaji anayeshinda kweli anaweza kuimaliza akiwa chini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliipambanisha programu yao Libratus na wachezaji wanne wa kulipwa kule Pittsburgh, mikono 120,000, na bado waliona haitoshi kuiachia bahati, wakapanga kwamba karata walizopata wachezaji wa chumba kimoja ndizo programu ipewe dhidi ya wenzao wa chumba kingine. Kama wao walihitaji yote hayo kujua nani mkali, mshkaji wangu ananiambiaje nimesomwa kwa kuangalia miezi kadhaa ya Ijumaa?

Basi nikabadilisha vitu viwili tu. Hela ya poka ikakaa kwenye laini yake ya simu, haichanganyikani na kodi wala ada ya mtoto, nikienda nachukua kiasi cha usiku ule na kikiisha naondoka hata kama ni saa tatu. Na nikipoteza poti kubwa nasimama, mikono kama mitatu hivi siigusi, nanywa maji, naongea na watu. Wengine waliona naringa.

Baadaye nikaanza kuandika na mikono niliyoshinda, kwa utaratibu uleule, na hapa ndo niliumia zaidi, kwa sababu ule usiku ambao wote tulikubaliana nimecheza kama bingwa, poti mbili kubwa kuliko zote niliingia nikiwa nyuma na karata ikaniokoa. Nimeonyesha kurasa hizo kwa yule wa nyota imefifia, akasoma kimya, akaniomba nimwonyeshe namna ya kuhesabu zile 46. Tukakaa mpaka magharibi tunapiga hesabu za mikono yake.